Ati Wewe ni Mkamba Gani?



Kuna swali ambalo kijana Muislamu wa Kitui au Makueni hulisikia mpaka akalizoea. Shuleni linakuja kama utani: "Mutua, walikugeuza lini?" Kwenye matanga linakuja na huruma: "Pole mwanangu, kwani mama yako aliolewa na Msomali?" Na ofisini linakuja limekunja uso: "Rudi na kitambulisho cha babu yako." Hayo mawili ya kwanza unaweza kucheka ukaendelea na siku yako. Hili la tatu ndo limenifanya nishike simu niandike, kwa sababu nawajua vijana waliofika miaka 20 na zaidi bila kitambulisho, na bila kitambulisho Kenya hii huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, huwezi kufungua akaunti benki, askari akikushika usiku huna la kumwonyesha, na Agosti 2027 wenzako watapanga foleni ya kura wewe ukiwa umekaa nyumbani.

Tuanze na hiyo picha iliyo kwenye vichwa vya watu. Muislamu wa Kenya, kwa wengi, ni mmoja kati ya wawili: mzee wa Mombasa mwenye kanzu na kahawa chungu, au Msomali wa Eastleigh mwenye duka. Ukiwa Mborana au Mdigo angalau utasamehewa. Mkamba hayumo. Mkamba kwenye vichekesho vya televisheni ni mlinzi wa geti au mganga, lafudhi imevutwa mpaka inachekesha, na Jumapili yuko kanisani. Sensa ya 2019 ilihesabu Waislamu milioni 5.15 nchi nzima, karibu asilimia 11, na Wakamba milioni 4.66. Ni kama watu wanaamini hizo hesabu mbili hazigusani popote.

Mimi navaa hijabu na nimezaliwa Kitui. Kwenye matatu ya Wote kwenda Emali niliwahi kukaa katikati ya kina mama wawili waliokuwa wametoka soko. Mmoja akamwambia mwenzake kwa Kikamba kwamba huyu mtoto wa Kisomali ameketi kama amenunua gari, na kikapu chake kitawaharibia maembe. Wakaendelea hivyo kwa kilomita kadhaa, wakafika mpaka kwa bei ya hijabu yangu. Nikageuka nikawaambia, "Mwaitu, nitakiweka magotini," kwa Kikamba cha Mwingi kabisa, kile cha susu yangu. Kimya! Halafu wakacheka mpaka mmoja akafuta machozi, nikapewa embe moja, na safari yote iliyobaki nikaulizwa ukoo, mbai, na kama nimeolewa. Sina kinyongo na wale kina mama hata kidogo. Walikuwa na picha ya kichwani, na picha ilivunjika kwa dakika moja kwa sababu tuliongea. Afisa aliye nyuma ya meza hana dakika hiyo, na hata akikusikia ukiongea Kikamba anaweza kukwambia umefunzwa.

Kabla hatujafika kwa afisa, tusafishe kwetu kwanza. Kuna misikiti ambayo kijana Mkamba akiingia anaitwa "Muislamu mpya". Babu yake alisilimu, baba yake akazaliwa Muislamu, yeye mwenyewe amesoma madrasa tangu miaka minne, na bado ni "mpya". Upya huo unaisha lini? Ramadhani ikifika anapewa kifurushi cha chakula kama mgeni wa kusaidiwa, lakini kamati ya msikiti ikichaguliwa jina lake halisikiki. Akitaka kuoa kwa familia fulani anaambiwa kwa upole kwamba "mila zetu hazilingani". Mila gani? Wote tunasoma Fatiha ileile. Na wako wanaosema mbele yetu kwamba Wakamba husilimu kwa ajili ya ndoa au msaada. Nayasema haya kwenye ukurasa huu wetu kwa makusudi: hatuwezi kudai serikali isitupige msasa kwa sura na jina, halafu sisi tupigane msasa kwenye safu ya swala.

Sasa historia, maana wengi wanaouliza "nyinyi mlitoka wapi" hawajawahi kuiuliza.

Wakamba walikuwa wafanyabiashara wa safari ndefu kabla Mzungu hajaweka kambi hapa. Katikati ya karne ya 19 misafara yao ilikuwa ikishuka na pembe za ndovu mpaka pwani na kupanda na nguo, shanga na chumvi. Wako walioshuka wasirudi. Baadhi ya vijiji vya Wakamba vya Kwale na Kilifi vilianza hivyo. Chifu Kivoi wa Kitui alikuwa mmoja wa vigogo wa biashara hiyo, na ndiye aliyemkaribisha mmisionari Mjerumani Ludwig Krapf, aliyeuona Mlima Kenya akiwa Kitui mnamo Desemba 1849. Baadaye misafara ya Waswahili na Waarabu nayo ikaanza kupanda Ukambani. Watu wakauziana vitu, wakala pamoja, wakaoana, na wengine wakasali pamoja. Hakuna muujiza wowote hapo, ndivyo dini inavyosafiri popote penye njia ya biashara.

Na njia ilikuwa moja. Mwaka wa 1895 wamisionari wa Africa Inland Mission wakiongozwa na Peter Cameron Scott walipanda kutoka Mombasa wakafungua kituo chao cha kwanza Nzaui, ambayo leo iko Makueni. Kanisa la AIC, ambalo mtu akikuambia "Mkamba wa kawaida" ndilo analolifikiria, limeanzia pale. Safari za namna hiyo zilitegemea wapagazi, na wengi wa wapagazi wa enzi ile walikuwa watu wa pwani na Zanzibar. Kwa hiyo dini zote mbili zilipanda kutoka bahari ileile kwa njia ileile ya vumbi. Mkamba wa 1800 hakuwa Mkristo wala Muislamu. Yule anayeniambia nimeacha "dini ya Wakamba" akiwa na Biblia mkononi, namuuliza kwa heshima, tumeacha ipi sisi wawili?

Halafu reli ikaja. Ilianza Mombasa 1896 ikafika Kisumu 1901, na imeupita Makueni kutoka chini mpaka juu: Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali, Sultan Hamud. Soma hilo jina la mwisho tena. Mji wa Makueni, kwenye barabara ya Mombasa, unaitwa kwa jina la Hamoud bin Mohammed, Sultani wa Zanzibar aliyetawala kuanzia 1896 hadi 1902. Watu wanashuka pale kila siku kununua nyama choma na chai, wanaandika "Sultan Hamud" kwenye barua, wengine wamezaliwa hapo na jina hilo limo kwenye vyeti vyao, halafu mtu huyohuyo anaona Hamud wa darasani kwake ni jina la kigeni. Mbele kidogo, Makindu, kuna hekalu la Masingasinga lililojengwa 1926 ambalo mpaka leo linalisha wasafiri wa kila dini bure. Makueni imechanganyika zaidi ya miaka 100. Wenyeji wake ndo wamesahau.

Mfano mwingine ninaoupenda ni vinyago. Ukienda Changamwe, au uwanja wa ndege wowote wa nchi hii, kinyago cha Mkamba ndicho alama ya Ukamba duniani. Kazi hiyo ya vinyago vya kuuza inahusishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza kwa Wazaramo huko Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Yaani kitu kinachotajwa kwanza watu wakitaja Wakamba, mzee mmoja alikitoa Tanganyika akaja nacho nyumbani, na hakuna aliyemwambia arudi na kitambulisho cha babu. Kwa nini patasi iliruhusiwa kuwa ya Mkamba na msahafu haukuruhusiwa?

Sasa twende ofisini.

Nimewasindikiza vijana kuomba vitambulisho kwa muda sasa, na mambo yanafanana mno. Kijana ana cheti cha kuzaliwa, ana nakala ya vitambulisho vya wazazi wote wawili, ana barua ya chifu, ana cheti cha shule. Mwenzake anayeitwa Kevin Kioko, jirani yake, ukoo mmoja, wameingia pamoja. Kevin anapigwa picha, anachukuliwa alama za vidole, anapewa karatasi ya kusubiri. Yeye, kwa kuwa kwenye cheti ni Abdalla Kioko, anaambiwa akae pembeni. Siku moja katika ofisi moja niliuliza kwa adabu shida iko wapi. Nikajibiwa, "Madam, hili jina na hili kabila havikubaliani." Niliandika maneno hayo kwenye daftari hapohapo ili nisije nikayasahau. Kijana akaambiwa alete kitambulisho cha babu. Babu alifariki kabla yeye hajazaliwa. Basi aletwe mzee wa ukoo athibitishe. Mzee wa ukoo akaletwa kwa bodaboda kwa pesa za mama. Siku hiyo afisa yuko mkutanoni.

Sheria inasemaje? Hapa nawaomba msome polepole, na mkiweza mpige picha mhifadhi kwenye simu.

Katiba, kifungu cha 14: wewe ni raia kwa kuzaliwa kama siku uliyozaliwa mama yako au baba yako alikuwa raia wa Kenya. Mmoja tu anatosha. Babu hatajwi. Kifungu cha 12 kinasema raia ana haki ya kupata pasipoti na hati yoyote ya usajili au utambulisho inayotolewa na serikali kwa raia. Kifungu cha 27 kinakataza kubaguliwa, na katika orodha yake kimetaja dini, asili ya kikabila, utamaduni, kuzaliwa, na hata mavazi. Mavazi yameandikwa! Dada zangu wa hijabu, hilo ni lenu. Kifungu cha 8 kinasema hakuna dini ya serikali.

Halafu iko Sheria ya Usajili wa Watu, Sura ya 107, ambayo ndiyo inayoendesha mambo ya vitambulisho. Kifungu chake cha 5 kinaorodhesha mambo yanayoingia kwenye rejista, na moja ni kabila au asili iliyotangazwa. Iliyotangazwa na nani? Na mwombaji. Kabila ni lile unalolitaja wewe, hakuna pahali pameandikwa kwamba lazima likubaliane na jina la Abdalla. Ni kweli kifungu cha 8 kinampa afisa nafasi ya kudai ushahidi zaidi wa yale uliyoyasema, na hapo ndipo ubaguzi unapojificha. Lakini kudai ushahidi si ruhusa ya kudai kwa Waislamu peke yao. Akidai kwa Abdalla na asidai kwa Kevin, amerudi kwenye kifungu cha 27 na anapaswa kujieleza.

Tusijidanganye kwamba haya yameanza na sisi. Wasomali wa Kenya walipigwa msasa nchi nzima kuanzia Novemba 1989 na kupewa kadi maalum. Wanubi wa Kibera, ambao mababu zao waliletwa na Waingereza kama askari, walihangaika mpaka mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto ikaamua kwamba Kenya imekiuka haki za watoto wao. Wamakonde wa Kwale walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016 ndipo wakatambuliwa, wakaanza kuitwa kabila la 43. Wapemba walisubiri hadi 2023. Mnaona kitu hapo? Katiba inakupa uraia kwa mzazi, lakini kwa vitendo nchi inakupa uraia kwa kabila. Mmakonde ilibidi kwanza awe kabila ndipo awe Mkenya. Shida ya Mkamba Muislamu ni ya ajabu zaidi: kabila lake lipo tangu zamani, tena kubwa, ila yeye anaambiwa si lake.

Februari 2025 Rais alikuwa Wajir akatangaza kwamba ule msasa wa ziada wa kaskazini mashariki umeondolewa. Tulifurahi kwa ajili ya ndugu zetu wa Garissa, Wajir na Mandera, na tutaendelea kufuatilia kama maafisa wamelisikia tangazo. Lakini Kitui na Makueni hazikuwahi kuwa katika mjadala ule, kwa sababu rahisi: hazipakani na nchi yoyote. Chukua ramani. Kitui imezungukwa na Tana River, Taita Taveta, Makueni, Machakos, Embu, Tharaka Nithi na Meru. Makueni imezungukwa na kaunti pia. Hakuna mpaka wa kimataifa wa kumfanya afisa awe na wasiwasi. Mpaka anaouona anauona kwenye jina lako.

Juni 2024 vijana walipojaa barabarani walisema hawana kabila, hawana kiongozi, hawana chama. Nilishangilia na nilikuwa miongoni mwao. Ila nikawa najiuliza kitu: ni nani anaweza kusema hana kabila bila kuogopa? Ni yule ambaye kabila lake halijawahi kutiliwa shaka. Njoroge akisema hana kabila ni mwanamapinduzi. Abdalla Kioko akisema hana kabila mbele ya dirisha la usajili, afisa atamwambia, "Si nilijua." Kwa hiyo mimi bado nautaka Ukamba wangu, kwenye karatasi, kwa herufi kubwa. Siku wote watakapoacha kuulizwa ndipo nami nitauacha.

Kuna jambo zito zaidi ambalo wengi wetu tunalikwepa, la ngamia.

Mnaoishi Mwingi, Nguni, Endau, Ikutha na kote upande wa mashariki mnalijua. Kiangazi kikikaza, wafugaji wanaingia na ngamia kutoka upande wa Tana River na Garissa. Ndengu zinaliwa, mabwawa ya maji yanachafuliwa, watu wanapigana, na miaka mingi sasa watu wameuawa pande zote mbili. Wakati huo Mkamba Muislamu hana pa kukaa. Kijana wa bodaboda mwenye kofia ya msikitini anaambiwa sokoni, "Nendeni na ngamia wenu." Ngamia wake wako wapi? Ana pikipiki ya mkopo. Na msikitini kuna wanaotarajia anyamaze kuhusu shamba la mjomba wake kwa sababu mwenye ngamia ni Muislamu mwenzake.

Msimamo wangu ni huu, na anayetaka kunipinga anipinge. Mkulima ambaye ngamia wamekula ndengu zake amedhulumiwa, hata mwenye ngamia awe anasali sunna zote. Kula mali ya mtu bila idhini yake ni haramu, na haramu haina kabila. Kwa upande wa pili, yule anayemfuata fundi wa simu wa Mwingi mjini na kumfungia duka kwa sababu ya kosa la mfugaji asiyemjua naye anadhulumu. Ugomvi ni wa maji na malisho, na wakubwa wenye mifugo mingi wasiolala porini wana mkono wao. Ukigeuzwa kuwa wa dini, wenye ngamia wanapona kuulizwa na waathiriwa wanabaki kupigana wenyewe kwa wenyewe. Sisi ndo tunaongea Kikamba na tunasali na hao wafugaji Ijumaa. Ikiitwa baraza ya amani na sisi hatumo, mjue kuna mtu hataki iishe.

Mkitaka kuona kuwagawa watu kwa sura kunaishia wapi, kumbukeni mabasi ya Mandera. Novemba 22, 2014, magaidi waliteremsha abiria, wakawatenga waliowaona si Waislamu, wakaua watu 28. Desemba 21, 2015, karibu na El Wak, wakajaribu tena. Mara hiyo abiria Waislamu walikataa kutengwa. Kina mama waliwapa wenzao wasio Waislamu hijabu wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi akiwakinga abiria wenzake na akafariki Januari 2016. Nimefikiria mara nyingi, lau ningekuwa kwenye basi la kwanza: sura yangu ya Kikamba ingenipeleka upande mmoja na hijabu upande mwingine. Na nimeteremshwa pia kwenye kizuizi cha polisi, mara zaidi ya moja, hijabu ikanipeleka kusimama juani na wasichana wa Kisomali huku afande akigeuzageuza kitambulisho changu akitafuta kosa. Silinganishi muuaji na afande, hapana. Ila kipimo kilichotumika, cha kumtazama mtu na kuamua ni nani, kinatoka kabati moja.

Wako mnaosema dawa ni kuhama, ati Canada hawaulizi. Canada wana sheria ya kuheshimu tamaduni nyingi tangu 1988, na wamempokea M.G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi akakulia Dar es Salaam, wakampa tuzo yao kubwa ya fasihi, Giller, mara mbili, 1994 na 2003. Lakini Canada hiyohiyo, jimbo la Quebec, tangu 2019 mwalimu wa shule ya umma hakubaliwi kuvaa hijabu kazini, na Januari 2017 Waislamu sita waliuawa msikitini kwenye mji wa Quebec. Binti aliyezaliwa kule bado anaulizwa "lakini kwenu hasa ni wapi?" Nenda ukitaka, riziki ni popote, ila swali utalikuta uwanja wa ndege linakusubiri.

Kuhusu majina. Vijana wengi wananiuliza kama wafute Mutua, Mwende au Wambua wabaki na la Kiarabu tu, au wafute la Kiarabu ili wapate kazi. Msifute chochote. Salman aliitwa Mwajemi mpaka kufa, Suhayb aliitwa Mrumi, Bilal aliitwa Mhabeshi, na hakuna aliyewaambia Uislamu wao una kasoro. Wambua maana yake amezaliwa wakati wa mvua. Mvua ya Kitui! Jina zuri kama hilo utalifuta kwa sababu gani?

Na msikae mbali na mbai zenu. Hapa ndipo naona tunapoteza bure. Mkutano wa ukoo ukiitwa, nenda, toa mchango wa karo ya watoto wa ukoo, saidia kuchimba kisima. Kibuyu cha kaluvu kikizunguka kipitishe kwa jirani, hakuna atakayekulazimisha, na muthokoi utakula kama wengine. Ukifiwa ndipo utajua faida yake. Matanga ya Ukambani yanachukua siku nyingi, kuna mikutano ya michango na ibada, na sisi tunazika siku hiyohiyo. Nimeona maiti ya Muislamu ikigombaniwa na ndugu zake wenyewe, kwa sababu ukoo haukuwa umemwona miaka kumi na sasa unaona "wageni" wanamchukua mtoto wao haraka haraka. Pale ambapo marehemu alikuwa akikaa na wazee wake na amewaeleza mapema, wazee wenyewe ndio walioshika majembe. Andika wasia wako, uwe na mashahidi, na mpe nakala mjomba asiye Muislamu pia. Yeye ndiye atakayeulizwa.

Basi, kwa wanaotimiza miaka 18 na wale waliokwama. Beba cheti cha kuzaliwa, nakala za vitambulisho vya wazazi, na vyeti vya shule. Nenda na mtu mzima mmoja, ikiwezekana jirani asiye Muislamu aliyekuona ukikua. Ukiambiwa ukae pembeni usipandishe sauti. Uliza unahitajika kuleta nini na kwa sheria gani, na uombe jibu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki ya sababu zilizoandikwa uamuzi ukikuumiza. Andika tarehe, saa, na dirisha ulilohudumiwa. Kama mwombaji mwingine wa ukoo wako amepita siku hiyo bila kuulizwa babu, andika na hilo. Ukizungushwa mara ya pili, malalamiko yanapelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala au Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, na hayahitaji wakili wala ada.

Tunakusanya kesi za Kitui na Makueni peke yake kwa sasa, maana zile za pwani na kaskazini zina wenye kuzifuatilia na zetu zimekuwa zikionekana kama bahati mbaya ya mtu mmoja mmoja. Tuma ujumbe hapa kwenye kisanduku, usiweke kwenye maoni ya wazi. Taja kata yako, mara ngapi umerudishwa, na umeambiwa nini. Usitume picha ya kitambulisho cha mzazi. Tutakupigia sisi, na ukitaka tuongee Kikamba tutaongea Kikamba.